Dani Alikuja, Nimemrudisha

Akinyi mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi ukitoka, kwa hivyo wacha niingie kwa neno lenyewe kabla nguvu haijaniisha. Yule mama mzee Dani uliyemtuma aje saa saba alikuja. Nimemrudisha. Hakumkata Kamau ufizi. Ile spoku yake ya baiskeli imerudi naye ikiwa bado imefungwa kwa kitambaa, na yeye mwenyewe ameenda akinitukana mpaka kwa kona ya bomba, majirani wote wakisikia.

Najua utakasirika. Utasema mtoto ni wako, si wangu, na ni kweli, ni wako. Mlikuwa mmepanga vizuri. Wewe na Njoroge mko Kawangware mnaosha nyumba, mimi niko off, mtoto amebaki na mimi na maziwa uliyomkamulia, Dani apite amtoe meno ya plastiki, kuhara kuishe, kesho mhame na mtoto mzima. Kitu kimoja tu hukufanya, hukuniambia. Nilijua Dani alipoinama kwa mlango akasema, "Akinyi amesema nifanye haraka. Njoo unishikie kichwa kama zamani."

Hayo maneno, kama zamani, ndiyo yamenikalisha hapa na daftari lako la form four, karatasi za nyuma zilizobaki. Kamau yuko kwa mapaja yangu. Nikiandika mistari miwili namwekea kijiko kimoja mdomoni, kwa hivyo ukiona mwandiko unaruka, ni yeye anapiga teke. Ulipotoka asubuhi nilimbeba nikampeleka kliniki. Sister alimwangalia macho, akamvuta ngozi ya tumbo, akasema bado hajakauka, hakuna damu, aendelee kunyonya, na akanipa pakiti za ORS za kuchanganya na maji na tembe za zinki. Hayo nakuambia ndiyo ujue sikumrudisha Dani halafu nikakaa tu.

Mzazi akimwandikia binti anayeenda kwa wenyewe huwa anaandika mambo ya mama mkwe na ya sufuria. Hayo sitaandika. Mamake Njoroge ana ulimi lakini hana roho mbaya, mtazoeana. Kupika unanishinda. Mimi nina neno moja tu, na nimelibeba mpaka limenichosha mgongo kuliko kazi zote nilizofanya. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya mwisho ulikuwa na mimba ya miezi saba, tunaanika nguo, nikaanza kusema, "Akinyi, unajua mtoto akizaliwa..." ukaniangalia na hayo macho yako, nikasema atahitaji soksi. Soksi! Mimi hapo.

Unajua ulikuwa na kaka. Unajua aliitwa Okoth, na unajua nilikuambia alikufa na homa. Haikuwa homa.

Okoth alikuwa na miezi saba. Tulikuwa tunaishi hapa hapa Gatwekera, nyumba ya chini kule karibu na mtaro. Wakati huo nilikuwa nafua nguo za watu huko Riruta, natoka mapema narudi jioni, na mtoto nilikuwa namwachia jirani na chupa ya uji mwepesi tangu akiwa na miezi miwili, kwa sababu kila mtu aliniambia maziwa peke yake hayashibishi mtoto wa kiume. Sasa siku moja akaanza kuhara. Siku ya kwanza nikasema ni meno yanakuja. Siku ya pili jirani akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwa ufizi wa chini, akaita wenzake. "Mama Okoth, kuja uone. Mtoto wako ana meno ya plastiki. Hayo ndiyo yanamharisha. Ukipeleka hospitali watamdunga sindano na atakufa, madaktari hawajui hii kitu."

Na mimi nikaona kweli. Pale kwa ufizi, upande huu na upande huu, kulikuwa na uvimbe mdogo mweupe. Ukitaka kuona kitu kibaya, utakiona.

Dani wakati huo alikuwa mama wa makamo, mwenye nguvu, mikono safi, sauti ya pole. Usifikiri alikuwa mchawi. Hakuwahi kuitisha kitu, ukimpelekea sukari robo anashukuru. Alikaa chini, akambana Okoth kichwa kati ya magoti yake, mimi nikashika mikono. Alikata na ile ncha ya spoku, akafukua, akatoa kitu kidogo cheupe, laini, akakiweka kwa kitambaa akanionyesha. Kilikuwa kama punje ya wali uliopikwa. "Ona," akasema, "hii ndiyo ilikuwa inamla." Akatoa ya pili. Akapaka chumvi na majivu. Nikamshukuru, Akinyi. Nilimshukuru mpaka nikalia.

Jioni hiyo nilimpa Okoth titi, akalishika, akaliachilia akapiga kelele. Nikampa tena, akageuza kichwa. Mdomo ulikuwa umefura. Kijiko hakutaka, chupa hakutaka. Kuhara kukaendelea. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa anatoka kazi ya mjengo anauliza, "Amekunywa?" nami nasema, "Atakunywa kesho, Dani amesema akae siku mbili." Siku ya pili alikuwa hata halii tena. Macho yaliingia ndani. Nilimbeba nikakimbia naye hospitali asubuhi ya siku ya tatu na nilipofika wakaniambia nikae kwa benchi, nikakaa, na kwa hiyo benchi ndipo aliponiachia.

Na unajua wamama waliniambia nini kwa matanga? Hakuna aliyesema tulikosea. Walisema, "Pole, Mama Okoth. Mlichelewa. Hayo meno yakishakomaa sumu inaingia damu." Nikaamini. Ningeamini nini kingine? Ukiwa mama umepoteza mtoto na mtu akupe sababu, unaichukua tu, hata ikiwa imeoza. Mimi niliichukua nikaishika kwa mikono miwili. Nikaanza kwenda na Dani. Kukiwa na mtoto kule mtaa wa Raila ama huku kwetu anahara, yeye anakata, mimi nashika kichwa, kwa sababu nilikuwa na mikono isiyotetemeka na kwa sababu wamama waliniamini. Nilikuwa nawaambia, "Usingoje. Mimi nilingoja." Wengine walipona, na tulijisifu. Wengine sikuuliza.

Haya. Utauliza kwa nini basi leo nimemfukuza. Ni kwa sababu ya kazi.

Unajua kwamba nafagia kwa maabara. Hujawahi kujua ninachofagia kando yake, na kosa ni langu, nikirudi huwa nimechoka, naongea juu ya magoti tu. Kule kuna chumba ambapo wanafuga seli za utumbo wa mtu. Usicheke. Wanaziweka kwa vikombe vidogo vyenye utando kwa chini, wanazilisha maji ya rangi ya waridi, wanaziweka kwa kabati lenye joto kama la mwili, na baada ya wiki tatu hivi zinakuwa zimeshikana safu moja. Kila asubuhi aliyekuwa anazisomea wakati huo, binti anaitwa Daktari Nduta, alikuwa anaingiza kifaa cha vijiti viwili kwa kila kikombe na kuandika namba.

Miaka tisa iliyopita, wewe ukiwa darasa la saba, nilifanya kosa. Nilitaka kupiga sakafu na ile mashine, waya haukufika, nikachomoa plagi moja nikachomeka yangu. Nikamaliza, nikaenda kumwaga maji, nikasahau kurudisha. Ilikuwa ya lile kabati. Nilikumbuka nikiwa kwa chai, nikakimbia, nikarudisha plagi, nikanyamaza. Siku mbili nzima, Akinyi. Namwona Nduta anapima, anapima tena, anatikisa kichwa, anaosha vijiti, anafikiri kifaa chake kimeharibika. Namba zimeanguka. Siku ya tatu nikamwendea na ufagio mkononi nikamwambia ni mimi, anifukuze tu.

Hakunifukuza. Alikasirika kidogo, halafu akasema, "Mama Akinyi, ungeniambia siku hiyo hiyo. Kuja uone ulichofanya." Na mimi nikajua sasa naonyeshwa maiti.

Aliniweka kwa hadubini. Kwanza akanionyesha picha ya seli nzima. Amezipaka rangi, na kando ya kila seli kuna mstari wa kijani, umezunguka, umeshikana na wa jirani, kama wavu wa kufungia vitunguu. Akanieleza. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli. Upande huu kuna chakula na kila uchafu uliomeza, upande ule kuna damu yako. Kinachozuia huu usiingie ule ni huo mstari. Nikasema, kwa hivyo ni ukuta. Akasema, "Hapana, ukuta ungekuwa rahisi." Huo mstari ni protini. Kila seli inatengeneza zake, inazisukuma mpaka ukingoni, jirani yake anasukuma zake, zinakamatana. Na hazikai hapo milele. Seli inazivuta ndani, inatoa nyingine, inakaza hapa, inalegeza pale, kila saa. Hakuna siku imemaliza kazi. Seli zenyewe zinachakaa na kuanguka na kwa siku chache ngozi yote inakuwa imebadilishwa, na huo mstari hauruhusiwi kukatika hata zinapobadilishana. Nilisikia uchovu kwa niaba yao, nakuambia ukweli.

Halafu akaweka zangu, zile nilizozimia joto. Mistari ilikuwa imekatika katika, mahali ipo, mahali hakuna, na ile kijani imeingia ndani ya seli imezagaa. Nikasema, "Nimeziua."

"Hazijakufa. Zimevuta protini zake ndani. Zimelegea. Umeona? Zinavuja, lakini ziko hai."

Nikamuuliza kama ni hivyo mtu anavyohara. Aliniangalia kama mwalimu ambaye mtoto wa mwisho darasani amenyoosha mkono. Akavuta kiti. Akasema kuna vidudu vikiingia vinailazimisha seli kuzivuta protini zake, mshono unaachia, maji ya mwili yanatoka upande wa choo. Lakini akasema si protini zote ni za kufunga. Kuna moja kazi yake ni kupitisha maji kwa makusudi. Vidudu vikiwa vingi mwili wenyewe unaongeza hiyo, maji yamwagike, yaoshe.

"Kwa hivyo kuhara ni mwili unapiga deki?"

"Mara nyingine, ndiyo. Shida ni maji. Ukipiga deki na ndoo isijazwe, inaisha."

"Na ndoo ikijazwa?"

"Hata mshono ukiwa umeachia, kwa hiyo seli kuna mlango mwingine, unapokea sukari na chumvi zikiwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Mara nyingi huo mlango bado unafanya kazi, hata mtu akiwa anahara. Ndiyo hiyo ORS, Mama Akinyi, hakuna uchawi. Mtu anywe, anywe, anywe. Na mtoto anyonye. Utumbo utajishona wenyewe kwa siku chache."

Nikauliza, "Na meno?"

"Meno gani?"

"Ya plastiki."

Alianza kucheka, halafu akaniangalia usoni akaacha. Akaniambia polepole, kama mtu anayeshusha sufuria ya moto, kwamba hakuna meno ya plastiki. Vile vitu vyeupe ni meno ya mtoto, yale yale yake, bado hayajaiva, yako chini ya ufizi yanangoja siku yake. Hayajui kitu kuhusu tumbo. Hayajawahi kumharisha mtu.

Nilichukua ndoo yangu nikaingia kwa stoo ya mifagio nikafunga mlango. Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nahesabu siku. Okoth alihara siku mbili kabla ya Dani. Siku mbili! Utumbo wake ulikuwa unafanya kazi yake huko ndani, zile seli zake ndogo zinavuta na kutoa, zinashona, na kitu kimoja tu zilichohitaji kutoka kwangu ni mdomo. Mdomo wa kunywea. Na mimi nilichukua mdomo nikauharibu. Nilishika mikono yake ndiyo Dani auharibu vizuri.

Zile seli za Nduta zilirudi. Alizipa joto na chakula, na baada ya siku tatu akaniita nione namba imepanda mpaka ilipokuwa. Alifurahi, akanipigia makofi. Mimi nilifurahi na uso tu.

Sasa hapa ndipo nataka uniangalie vizuri, kwa sababu haya mengine yote mtu anaweza kusema sikujua. Sikujua, ni kweli. Lakini kuanzia siku ile nilijua. Miaka tisa. Niliacha kwenda na Dani, nikamwambia magoti yanauma. Sikumwambia yeye, sikuwaambia wamama, sikukuambia wewe. Mtu akiniuliza, "Mama Akinyi, mtoto anahara, tumpeleke kwa Dani?" nilikuwa nasema, "Jaribu na hospitali pia." Na hospitali pia! Kale ka-pia. Sikutaka kusema kwa mdomo wangu kwamba ni makosa, kwa sababu baada ya hapo kuna mama atageuka aniulize, na wangu je? Wewe uliyemshika kichwa mbele yangu, ulikuwa unafanya nini?

Kwa hivyo wewe kumwita Dani si ujinga wako. Uliona majirani wanamwita, ukaona mamako hajawahi kusema kitu kibaya juu yake, ukaona mtoto anaharisha siku ya tatu na kesho unahama. Nani angekuambia? Mimi ndiye nilikuwa wa kukuambia, na mimi niliongea juu ya soksi.

Leo saa saba ikafika hivyo. Dani sasa ni mzee, Akinyi. Macho yana ukungu, mikono inamtetemeka akishika kikombe. Aliketi hapa, akamfungua Kamau mdomo na kidole chake, akaniambia, "Njoo uone, yako mawili, makubwa." Nikainama. Ilikuwa kitu kile kile, mahali pale pale. Uvimbe mweupe, mdogo. Na kwa dakika moja, wacha nikuambie ukweli ujue na mimi ni mtu wa aina gani, kwa dakika moja niliogopa. Pamoja na yote niliyoonyeshwa kwa hadubini, niliogopa ya kwamba labda Nduta alikosea na sasa nachelewa tena. Mkono wangu ulienda wenyewe kwa kichwa cha mtoto.

Kisha Kamau akamnyonya Dani kidole. Alikuwa na kiu tu. Alikikamata akavuta kwa nguvu, na mimi nikautoa huo mkono nikambeba.

Nikasema, "Dani, huyu hapana."

"Unataka afe kama Okoth?"

"Okoth tulimuua, Dani. Mimi na wewe."

Sijawahi kulisema hilo neno kwa sauti. Alisimama, akatafuta fimbo yake, akashindwa kuiona, nikampa. Ndipo akaanza kutukana. Alisema nimesomeshwa na ufagio. Alisema nimewasahau watu wangu. Mlangoni aligeuka, na hakuwa anatukana tena, alikuwa anauliza. "Wote?" akasema. "Hata wale walipona?" Nikarudi kwa kikombe cha ORS. Nilikuwa nimechoka, na jibu lingemchosha yeye kuliko mimi.

Kamau amehara mara mbili tangu hapo, ya pili ilikuwa kidogo. Maziwa yako amemaliza yote. ORS amekunywa kikombe karibu chote, kijiko kwa kijiko, na mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Sasa hivi anavuta kola ya nguo yangu. Mpaka sasa sijui kama atakuwa sawa kesho, sister amesema akizidi nimrudishe hata usiku, na nitamrudisha. Lakini najua kazi inayoendelea humo ndani na najua haihitaji spoku.

Kesho utaenda. Huko Kawangware pia kuna akina Dani, wa majina mengine, na mtoto atahara tena, watoto huhara, na mimi sitakuwa kwa mlango. Sikuandikii ndiyo unitii. Nilitii watu mimi, unaona nilifika wapi. Ninaandika kwa sababu ukiwa umeshika mtoto wako saa hiyo na wamama watano wamekuzunguka wanakuambia unachelewa, nataka uwe na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Uwe unajua kwamba aliyekuambia usingoje, alikosea. Mpe maji, mpe titi, mpeleke kliniki, na mdomo wake uache.

Nimebakisha neno moja, na nimezunguka karatasi hizi zote nikilikwepa. Ulikuwa darasa la nane ulipokuja na kioo cha baba yako ukaniuliza kwa nini meno ya wenzako yameota yote na wewe hapa chini upande wa kushoto hakuna kitu, na upande wa kulia limetoka limepinda. Nilikuambia ulianguka kitandani ukiwa mdogo. Ukaanza kucheka ukiwa umefunika mdomo, na mpaka leo unacheka hivyo. Hata picha zako na Njoroge umefunga mdomo.

Hukuanguka, mama. Baada ya Okoth niliapa kwamba wa pili sitachelewa. Ulikuwa na miezi mitano, umri wa Kamau leo. Hukuwa unahara. Hukuwa unaumwa na kitu chochote. Ulikuwa umelala, nikakuamsha, nikakubeba mimi mwenyewe mpaka kwa Dani, na aliyekushika kichwa ni mimi.

Niko hapa nje kwa kamba ya nguo na mtoto. Ukishasoma, kama hutaki kuniongelesha nitaelewa. Lakini toka umchukue, ameanza kulia, na anataka kunyonya.

Mamako